Redio ikitangaza kuwa uhai umepatikana nje ya dunia, ufanye nini?

Habari ya namna hiyo huenda ikatangulia kwenye WhatsApp, hapa Uvira ikamkuta mmoja bandarini Kalundu na mwingine mpakani Kavimvira, tena ikiwa imeshaongezwa chumvi. Ni vizuri kujua mapema inaweza kuwa habari ya aina gani, maana kila aina ina uzito wake.

Uhai gani hasa unatafutwa? Mara nyingi ni vijidudu, yaani mikrobu, visivyoonekana kwa macho. Sisi watu wa ziwa tuna mfano wa karibu. Aprili 1987, chemchemi za maji moto ziligunduliwa chini ya Ziwa Tanganyika, huko Pemba na Cape Banza, upande wetu wa kaskazini. Mwaka 1991 wazamiaji kumi wa msafara wa Ufaransa, Zaire, Ujerumani na Burundi walizifuata hadi kina cha mita 46, wakapima joto kati ya nyuzi 53 na 103. Cape Banza walikuta vibomba vya mawe vilivyojengwa na maji hayo yenyewe, vingine vikifika sentimita 70. Ziwa letu limekaa juu ya ufa wa ardhi: maji hupenya chini, hupashwa moto, kisha hurudi juu yakiwa na madini. Mahali kama hapo kuna vijidudu vinavyoweza kuishi kwa nguvu ya madini, bila kutegemea jua. Hata penye maji ya kawaida, ukishuka kupita mita mia moja hivi upande huu wa kaskazini, hakuna oksijeni. Ndagala na mikeke hawaishi huko, lakini vijidudu vipo.

Ndiyo maana wanasayansi wanautazama sana Enceladus, mwezi mdogo wa sayari ya Zohali. Una bahari chini ya barafu, na mwaka 2017 ilitangazwa kuwa maji yanayoruka kutoka humo yana haidrojeni, dalili kwamba huenda chini yake kuna chemchemi za moto. Kwa sababu kama hiyo, chombo kiitwacho Europa Clipper kilirushwa Oktoba 2024 kwenda Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, na kinatazamiwa kufika 2030.

Je, tangazo likija niliamini siku hiyohiyo? Usiharakishe. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba jiwe lililotoka Mirihi lina alama za vijidudu, hata Rais wa Marekani akalizungumzia hadharani. Leo wanasayansi wengi hawakubali. Aprili 2025 watafiti wa Cambridge walisema wameona kwenye sayari K2-18b dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa hasa na viumbe vidogo vya baharini. Wenzao walipopitia vipimo vilevile, wengi hawakuridhika. Kwa hiyo kabla hujamtumia jirani ujumbe, uliza nani amepima, na kama kundi jingine lisilofanya kazi naye limepata jibu hilohilo. Kama huna mega za kutafuta kwenye simu, sikiliza Radio Okapi, ambayo ina habari kwa Kiswahili. Gharama yako ni betri tu. Kuhusu maji ya ziwa lenyewe, hapa Uvira tuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH. Walimu, pelekeni maswali ya wanafunzi wenu huko.

Vijidudu hivyo vitatuletea ugonjwa? Kuvigundua kwa darubini hakuvileti hapa. Hatari ingeweza kutokea kama mawe ya huko yangeletwa duniani, na tahadhari zake zipo tangu zamani: wanaanga wa Apollo 11 waliporudi kutoka mwezini mwaka 1969 walitengwa kwa siku 21. Sisi wa Kivu Kusini tunazijua siku 21 za kufuatiliwa, tangu Ebola ilipofika Mwenga mwaka 2019. Tunajua pia uvumi ulivyowafanya watu wa mashariki mwa Kongo wawakimbie wauguzi. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko vijidudu vya mbali. Mtu akikuambia kipindupindu kimetoka angani, mjibu kwa upole kwamba kinatoka kwenye maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja.

Na wakipata ishara ya viumbe wenye akili? Darubini za redio zinasikiliza, MeerKAT ya Afrika Kusini ikiwemo. Tangu 1989 watafiti wana makubaliano: mwenye kupata ishara aihakikishe kwanza, awaarifu wenzake, na asijibu kabla mataifa hayajashauriana. Ishara ikitoka umbali wa K2-18b, jibu letu na jibu lao yangechukua karibu miaka 250 kwenda na kurudi. Hakuna sababu ya kuuza shamba, kumtoa mtoto shuleni au kununua chakula cha mwaka mzima.

Upande wa imani, zungumza na kiongozi wako wa dini mapema, kabla wengine hawajakutisha. Mwaka 2008 padre José Gabriel Funes, aliyeongoza kituo cha nyota cha Vatikani, alisema kuamini kwamba viumbe hao wanaweza kuwepo hakupingani na kumwamini Mungu. Lakini atakayekudai pesa ili akukinge na wageni wa angani, au akuandikishe miongoni mwa watakaookolewa, huyo ni mwizi. Usimpe hata faranga moja.

Mwanga wa ajabu juu ya ziwa usiku? Tazama kwanza kama ni taa za wavuvi au za Bujumbura ng'ambo. Nukta zinazofuatana kwa mstari bila sauti mara nyingi ni satelaiti. Ila ukikuta shambani kitu cha chuma usichokijua, katika eneo letu lililopita vita huenda kikawa bomu ambalo halijalipuka. Usikiguse, usikirushie jiwe, usikipige picha kwa karibu. Rudi kwa njia uliyojia, waondoe watoto, weka alama mbali nacho, kisha mwarifu shefu wa kartie.