Ujumbe wa simu si pesa

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, wengi wetu tukisikia simu imelia huamini pesa zimeingia. Walaghai wanategemea mazoea hayo. Hutuma ujumbe bandia, kisha hupiga simu wakilia kwamba walikosea nambari, na pesa ni za mgonjwa. Ndugu mwananchi, kabla ya kumhurumia mtu, angalia salio lako. Ujumbe halali huja kwa jina MPESA, si kwa nambari ya kawaida ya simu. Hata pesa zikiwa zimeingia kweli, usizirudishe mwenyewe. Aliyekosea atume ujumbe wake wa muamala kwa 456. Ujumbe wa ulaghai upeleke kwa 333. Nambari ya siri usimpe yeyote, hata anayejiita afisa wa kaunti.