Kurudi bila karatasi: somo kwa kamati za amani vijijini

Tukizungumza juu ya kurudi kwa wakimbizi, tunafikiri kwanza meli zilizoanza kuleta watu kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005. Hao walikuwa wameandikwa kambini. Lakini wako wengine waliokimbia Fizi katika vita vya 1996 na vya 1998 ambao hawakuingia kambini. Waliishi Tanzania bila kibali, wakilima mashamba ya watu, kisha wakarudi kwa mitumbwi. Hakuna aliyewangojea ufukoni.

Mbele ya shefu wa kijiji, mtu huyu anaulizwa maneno mawili: wewe ni mtoto wa nani, na karatasi yako iko wapi? La kwanza linajibika kama mzee mmoja angali anamkumbuka babu yake. La pili ndilo linaleta matata. Kijana aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa hajui Kibembe vizuri, na wenzake wanamwita Mtanzania. Kule aliitwa Mkongomani.

Tunaomba kamati zisichanganye mambo. Kwa sheria ya uraia ya 2004, mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkongomani ni Mkongomani tangu kuzaliwa, hata akizaliwa wapi. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, familia inaweza kuomba hukumu ya tribinali badala yake. Hiyo inadai feza na safari; ndiyo maana wengi hungoja tu kadi ya uchaguzi, ambayo watu wameizoea kama kitambulisho.

Shamba ni gumu zaidi. Sheria ya 1973 inasema ardhi ni ya Leta, lakini anayelima leo alipewa na shefu, mara nyingi kwa nia njema. Tunaona heri kamati ianze na mavuno: nani atang'oa mihogo iliyopandwa, na lini? (Michikichi ndiyo yenye ubishi mrefu, kwa kuwa inazaa miaka mingi.) Mipaka izungumzwe baadaye, wazee wa pande mbili wakitembea shambani pamoja. Wajane pia waitwe. Wao walilima pale, wanajua jiwe liko wapi.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Katika kijiji chenu, nani anasemwa kuwa si wa hapa? Ni mzee gani bado anaweza kumtambua, na je, kuna aliyeandika ushuhuda wake kabla hajafariki?