Ghala Kubwa, Meza Ndogo: Somo la Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Utangulizi

Mwanachuo anayefundisha Newala au Masasi hana haja ya kwenda mbali kutafuta zana ya somo hili. Na achukue korosho moja. Nje ina ganda, ndani ina kiini. Waliounda mfumo endeshi wa Unix, ulioanza Marekani mwaka 1969, walitumia majina hayo hayo: ganda ni programu inayopokea amri za mtumiaji, kiini ni ile ya ndani kabisa, inayogawa kumbukumbu na kazi. Ganda likiharibika, kiini huweza kuendelea. Kiini kikisimama, kompyuta nzima husimama.

Shabaha

Mwisho wa somo, mwanachuo aweze kueleza kwa nini seva yenye kumbukumbu nyingi huweza kusimama ghafla, na aweze kutenga chanzo hatua kwa hatua.

Maelezo

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza mkoani Mtwara mwaka 2007. Fikiri ghala ambalo kila gunia lake la korosho lazima liandikwe katika leja, na leja zote lazima ziwe juu ya meza ya karani. Ghala likipanuliwa, leja huongezeka. Meza ni ile ile. Hatimaye karani hukosa mahali pa kuandikia, ingawa ghalani nafasi ni tele.

Ndivyo ilivyokuwa kwa seva nyingi za Linux za biti 32 katika miaka ya 2000. Kwa kawaida "meza" ya kiini ilikuwa megabaiti 896 hivi. Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa za baiti 4,096, na kila ukurasa ulihitaji baiti 32 hivi za maelezo mezani. Seva ya gigabaiti 64 ina kurasa 16,777,216. Maelezo yake pekee hujaza megabaiti 512. Kazi zikizidi, meza hujaa na seva husimama.

Hatua za uchunguzi

1. Kabla ya kuwasha upya, andika ujumbe wa mwisho ulioonekana kwenye kioo. Ukizima, ushahidi huweza kupotea.
2. Uliza: seva ilisimama wakati wa kazi nyingi au ikiwa imetulia? Nini kilibadilishwa karibuni?
3. Endesha programu ya kupima kumbukumbu usiku kucha.
4. Seva ikiwa imezimwa, ondoa nusu ya vipande vya kumbukumbu, kisha uitumie kwa kazi ile ile. Halafu badilisha: rudisha vilivyotolewa, utoe vilivyobaki.

Hatua ya nne ndiyo yenye mtego. Nusu ya kwanza ikitolewa na seva ikatulia, asiye mwangalifu husema, "Vilivyotolewa ni vibovu," akavitupa. Lakini kama seva hutulia pia kwa nusu ile nyingine, na husimama tu vyote vinapokuwamo, basi shaka iondoke kwenye kipande kimoja na ielekee kwenye wingi wenyewe. Sasa tazama nafasi ya mezani, si jumla ya ghala. Ikiwa ndiyo iliyokwisha, kuongeza kumbukumbu kutazidisha tatizo. Dawa ni mfumo wa biti 64, ikiwa mashine inaukubali.

Matumizi darasani

Mtoto hutoa 48 − 23 bila kosa, akashindwa 402 − 178. Mwalimu mwenye haraka husema hana akili, na mtoto huyo huweza kulibeba neno hilo miaka mingi. Mpe kwanza 462 − 178. Akipata 284, kukopa anakujua. Kinachomtatiza yaelekea ni sifuri iliyo katikati. Umebadilisha jambo moja tu, na umeona mahali pa kuanzia kumsaidia.

Maswali

1. Kwa nini nusu moja ikijaribiwa peke yake haitoshi kuwa ushahidi?
2. Kokotoa ukubwa wa maelezo ya kurasa kwa seva ya gigabaiti 16.
3. Chagua kosa moja la hesabu ulilolikuta katika mazoezi ya kufundisha, kisha utunge maswali mawili yanayotofautiana kwa jambo moja tu ili kupata chanzo chake.