Leseni ya baa jirani na madrasa: pingamizi lina siku zake

Kila inapofunguliwa baa jirani na msikiti au madrasa katika miji yetu, mambo huenda kwa mtindo ule ule. Kwanza huonekana mafundi, kisha mafriji, kisha spika mlangoni. Ijumaa khatibu analalamika juu ya mimbari, vijana wanapandwa na jazba, na wazee wanaunda ujumbe kwenda kwa chifu. Chifu anawakaribisha vizuri, anawasikiliza, halafu anawaambia kuwa mwenye baa ana leseni. Mazungumzo yanakwisha hapo.

Suali ambalo Waislamu hatujiulizi ni hili: leseni hiyo aliipata lini, na sisi tulikuwa wapi?

Kwa hapa Kenya jibu linaanzia kwenye Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010. Wengi wanaiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ambaye ndiye aliyeipeleka bungeni. Watu wanaikumbuka kwa saa zake tu: baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana mwisho wa wiki na sikukuu, na kufungwa saa tano usiku. Vifungu vya maombi ya leseni havikupata wasomaji wengi, na humo ndimo ilimowekwa haki ya jirani.

Sheria hiyo inasema kuwa anayetaka leseni hupeleka maombi kwa kamati. Kamati nayo hutayarisha tangazo lenye majina ya waombaji, aina ya leseni, jengo linalohusika, na siku na mahali pa kikao. Tangazo hilo hubandikwa kwa muda usiopungua siku 21, ofisini na pia mahali pa wazi kwenye jengo lenyewe au karibu nalo. Katika muda huo mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi. Sharti ni kwamba aandike kwa katibu wa kamati, na mwombaji naye apewe sababu za pingamizi angalau siku 7 kabla ya kikao. Mzigo wa kuthibitisha kuwa mwombaji alipewa uko juu ya anayepinga. Kwa hiyo ukimpelekea mkononi mwambie atie sahihi, na ukituma kwa posta itunze risiti. Toa hizo 7 katika 21, utaona huenda ukawa na wiki mbili tu. Karatasi imebandikwa ukutani, sisi tunapita kwenda kuswali na kurudi, wala hatuisomi.

Sasa tuseme tumeisoma. Tuandike nini? Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya ndugu hawatalipenda. Barua isiyo na neno ila kwamba pombe ni haramu haitatufikisha mbali. Ni kweli pombe ni haramu, na aya ya 90 ya Suratul Maida haikuacha shaka. Lakini kamati haikai kutoa fatwa. Inapima mambo iliyoamriwa na sheria: kama eneo lile linahitaji baa nyingine kwa kuangalia zilizopo na idadi ya wakazi, kama mwombaji ni mtu anayefaa, kama jengo ni safi na lina vyoo vya kutosha, na kama liko umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari au taasisi nyingine ya mafunzo ya walio chini ya miaka 18.

Hayo maneno ya taasisi nyingine ya mafunzo tuyashike vizuri. Msikiti haukutajwa. Sera ya taifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza nyumba za ibada nazo ziwekewe mita 300, lakini sera si sheria. Ama madrasa, mtoto wake ana miaka saba, anasoma kila jioni, na jioni ndipo baa inapofunguliwa. Kwa maoni yangu inaingia moja kwa moja katika maneno hayo. Mwombaji atadai kuwa ile si shule, ni varanda ya msikiti tu. Basi ustadhi awe na cheti cha usajili, daftari la mahudhurio na ratiba ya masomo, na mtu apime mita kwa futi ya fundi badala ya kukadiria kwa macho. Madrasa ngapi zetu zina daftari la mahudhurio? Zihesabiwe.

Ifahamike pia kuwa Katiba ya mwaka 2010 imekabidhi leseni za vileo kwa kaunti, pamoja na burudani za umma, kamari na maonyesho ya video. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilianza kutunga sheria zao, na nyingi zimefuata mfumo huu huu. Hata hivyo siku na umbali viangaliwe katika sheria ya kaunti yako, si katika makala ya gazeti. Kwa baa ambazo tayari zipo, leseni ya sheria ya 2010 ni ya miezi 12. Kila inapotaka kuhuishwa, jirani aliyeandika tarehe za ugomvi na za muziki uliopita saa tano ana la kusema kuliko aliyekasirika mwaka mzima.

Limebaki la mwenye nyumba. Baa hailei angani. Imepanga kwa mtu, na katika mitaa yetu mtu huyo mara nyingi ni Al-Haji anayeswali safu ya mbele. Katika hadithi ya Anas iliyopokewa na Tirmidhi wamelaaniwa watu kumi kwa sababu ya pombe, wakiwemo muuzaji, mbebaji na mla thamani yake. Najua wapo watakaotaja kauli ya Imam Abu Hanifa kuhusu kukodisha nyumba. Kauli hiyo ilihusu vijiji vya Iraq vilivyokaliwa zaidi na wasio Waislamu, na wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, waliikataa. Wala wengi wetu huku Pwani si Wahanafi. Ushafi'i huwa haukumbukwi siku ya kupokea kodi.

Wapo wengine waliokodisha duka la vyakula, wakarudi safari wakakuta kaunta ya bia. Hao wana udhuru, lakini udhuru huo hukatika mkataba unapofika mwisho na kutiwa sahihi upya. Mstari mmoja katika mkataba, kwamba mpangaji hatauza kilevi wala kuombea jengo leseni yake, wakili yeyote ataukuandikia.