Mume Wangu Amelizwa na Sinema

Dada wa Wanale,

Kwanza nikutue mzigo wa ile filamu. Ulikodi Black Hawk Down kwenye kibanda cha mjini Mbale ukitaka watoto waone Somalia, nchi ambako baba yao alipelekwa kulinda amani. Nia yako ilikuwa safi. Filamu haikufika nusu, baba akainuka, nawe ukamkuta nyuma ya jiko analia. Tangu siku hiyo halali, na juzi ulipomtikisa usiku alikukaba shingo kabla hajazinduka. Shemeji zako wanasema mwanaume aliyesimama imbalu, tohara yetu ya kimila, bila kupepesa jicho hawezi kulizwa na sinema. Sasa unaniuliza: mume wangu ni mwoga, au ana damu ya mtu asiye na hatia mikononi?

Mbona umempa njia mbili tu, na zote mbaya?

Ile filamu ya 2001 inasimulia mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993, ambapo Wamarekani 18 waliuawa, na Wasomali kwa mamia. Ilipigwa Morocco. Humo Wasomali ni umati unaokimbia na bunduki, basi. Mumeo ameishi nao, amesikia adhana yao alfajiri, anajua sura za watoto wao. Waganda ndio waliotangulia kufika kule chini ya Umoja wa Afrika, Machi 2007, na tangu hapo wamepokezana zamu. Unasema alikuwa huko 2023. Tarehe 26 Mei mwaka huo wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia kambi ya Buulo Mareer, na Rais Museveni akatangaza kwamba wanajeshi wetu 54 wameuawa. Hata kama yeye alikuwa kambi nyingine, hao walikuwa wenzake, wa kula nao na kutaniana nao. Aliyerudi mzima hujiuliza kila usiku kwa nini yeye amebaki. Huo si woga.

Kuhusu damu, nitakuambia bila kuzunguka. Inawezekana alifanya jambo, au alitii amri ambayo moyo wake uliikataa, au alishuhudia ovu asiweze kulizuia. Sisi wa mashariki tunaikumbuka Mukura, kule Teso, ambako tarehe 11 Julai 1989 wanajeshi waliwafungia watu katika behewa la treni, na 69 wakafa kwa kukosa hewa. Kilio cha familia zile kinatangulia, na hakuna anayepaswa kukifunika. Lakini mimi huwaza pia kuhusu askari waliokuwa nje ya behewa lile, na wanayoyasikia wakifumba macho. Simfananishi mumeo nao. Nataka uone tu kwamba asiye na dhamiri hulala fofofo. Mumeo hapati usingizi.

Kwa hiyo usimuulize kama ameua. Najua swali linakuwasha. Likiulizwa kabla ya wakati wake, atajifunga kabisa. Mwambie uko tayari kusikia atakapotaka, kisha unyamaze kweli, si kunyamaza kwa kununa.

Na shemeji zako wakitaja imbalu tena, wakumbushe imbalu yote. Kijana husimama mbele ya watu wake, wote wakimtia moyo. Kisu kikipita, anawekewa kigoda, anafunikwa shuka, na hashiki chakula kwa mkono wake mpaka aoshwe mikono; wengine ndio wanaomlisha. Hakuna anayemwambia ajifunge kidonda mwenyewe aende shambani. Mumeo alikatwa mbali na kwao, akarudi, akapokewa kwa soda na sherehe, kisha kila mtu akaenda zake. Nani amemwosha mikono?

Usiku usimtikise. Simama mbali kidogo, mwite kwa jina, washa taa. Akizoea pombe ili alale, usiisifu kama dawa. Mchungaji aje aombe, sina neno, ila maombi yasichukue nafasi ya daktari. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili, na jeshi lina hospitali zake Bombo na Mbuya. Akiogopa kwamba jeshini watamwona hafai, aanze hapo Mbale, uende naye, muingie pamoja.

Kukukaba usingizini ni ugonjwa. Akikupiga akiwa macho, hilo ni jambo jingine, na maumivu yake hayampi ruhusa. Chukua watoto uende kwenu siku hiyohiyo. Na akitamka kwamba afadhali afe, usingoje kupambazuke: ondoa kila kinachoweza kumdhuru, muite mtu anayemheshimu akae naye, mkimbizeni hospitali.

Unampenda, ndiyo maana umeandika. Nenda kitengoni wiki hii, hata ukiwa peke yako mara ya kwanza, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi.