Sura za Waliotutoka: Jawabu kwa Ndugu wa Yamumbi

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa afanyaye biashara Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, ametuletea swali ambalo twaona si lake peke yake. Mama yake alifariki kwa maradhi ya korona mwezi wa Mei 2020. Siku hizo Mombasa ilikuwa haiingiliki wala haitokeki, tangu tarehe 8 Aprili hata tarehe 7 Julai, na Mji wa Kale nao ukafungwa kwa amri ya peke yake. Mazishini hawakuruhusiwa ila jamaa 15. Mwana huyu hakulibeba jeneza la mamake, hakumsalia, wala hakuteremka kaburini. Baadaye kijana jirani yake, hodari wa kuchora, alichukua picha ndogo ya kitambulisho akaitoa sura ya yule mama kwa kalamu ya risasi, kubwa, na ushungi wake na tabasamu lake. Akaitundika ukumbini. Akaja jamaa akamwambia: "Ichane! Umetia sanamu nyumbani." Naye atuuliza: Je, niichane?

Kabla ya hukumu, yafaa tujue mtu huyu ataka nini. Hataki kuabudu karatasi. Ataka uso alionyimwa kuuaga. Na haja hiyo wameiona wengi ulimwenguni katika miaka ile. Huko New Jersey, Marekani, msichana mmoja alimchora babu yake aliyekufa kwa korona, kisha wafiwa wasiomjua wakawa wamwomba awachoree wao pia watu wao. London walichukua njia nyingine: tangu tarehe 29 Machi 2021 walichora mioyo myekundu juu ya ukuta unaoelekeana na Bunge, moyo mmoja kwa kila maiti, hata ikapita 150,000. Hapana uso hata mmoja katika ukuta ule, na watu husimama mbele yake wakalia.

Ama sisi, jambo hili lina asili katika dini yetu, wala haifai kulipita mbio. Bibi Ummu Habiba na Bibi Ummu Salama waliliona kanisa la Habasha lenye picha, wakamsimulia Mtume (Rehema na Amani zimshukie). Naye akalaumu desturi ya watu wale, kwamba akifa mtu mwema kwao hujenga msikiti juu ya kaburi lake, wakatia sura zile ndani yake. Na Ibn Abbas amepokewa akisema kuwa wale Wadd na Suwaa na wenzao, waliotajwa katika Surat Nuh, walikuwa watu wema. Walipokufa watu wao waliwasimamishia masanamu ili wakumbukwe tu. Hawakuabudiwa siku ile. Waliabudiwa walipokwisha waliojua kwa nini yaliwekwa, na elimu ikapotea.

Basi yule jamaa hakusema upuzi. Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye picha ni sahihi, na wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Kishafi wamekataza kuchora kila chenye roho. Lakini alikosa alipodhani kwamba hapana kauli nyingine. Al-Qasim bin Muhammad, mtoto wa nduguye Bibi Aisha na mmoja wa mafakihi saba wa Madina, amepokewa kuwa na pazia lenye picha nyumbani mwake. Na Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki 1905, alipoziona hazina za michoro za Sicily aliandika kuwa mchoro wahifadhi khabari za watu, na ibada ya masanamu ikiwa haihofiwi, hukumu yake si ile. Mwenye kuifuata kauli hii haitwi mshirikina, khasa naye yumo msibani.

Walakini iko picha ambayo hawakukhitilafiana juu yake. Sayyidna Hasan alikuwa mtoto wa miaka saba au minane alipofariki babu yake. Alipokua alimwendea mjomba wake Hind bin Abi Hala, mtoto wa Bibi Khadija kwa mume wa kabla ya Mtume, aliyekuwa mweledi wa kusifu watu, akamwomba amweleze babu alikuwaje, apate cha kushika moyoni. Hind akaeleza: kimo, nywele, paji la uso, mwendo, namna ya kunyamaza kwake. Wajuzi wa hadithi wametia ila katika sanadi yake, nasi hatuifichi. Lakini Imamu Tirmidhi ameitia katika kitabu chake cha Shamail, na kitabu hicho kizima ni sura ya Mtume kwa maneno. Waturuki nao, khasa khattati Hafız Osman katika karne ya 17, waliziandika sifa hizo kwa khati nzuri katika ubao wa kutundikwa ukutani, pahala ambapo wengine wangetundika picha.

Sisi watu wa pwani tumekuwa wazembe wa jambo hili. Homa ya 1918 iliingia kwa bandari yetu ya Mombasa ikaua maelfu. Nani leo awezaye kutaja kumi katika wao? Korona iliua katika Kenya watu zaidi ya 5,600 waliohesabiwa, na tukinyamaza nao watakuwa hesabu vile vile.

Jawabu letu kwa ndugu wa Yamumbi ni hili. Usiichane. Iteremshe ukutani, usisali ukiielekea, uiweke sandukuni pamoja na hati zake. Kisha nunua daftari. Andika jina la mama na la babake, mtaa aliozaliwa, chuo alichosomea Kurani, sauti yake alipomwita mtoto, chakula alichokipika Ijumaa. Usiyoyajua wayajua mashoga zake wa Mji wa Kale, nao ni wazee sasa. Ushukapo Mombasa nenda kwao na daftari, uanze na yule aliye mkubwa wao.