Kufundisha Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Vitu Visivyobadilika

Utangulizi

Mwanachuo anapoandaa somo la msamiati wa Kiingereza, aghalabu huandika neno la Kiingereza upande wa kushoto wa ubao na maana yake ya Kiswahili upande wa kulia. Njia hiyo yafaa kwa neno kama "goat", kwa kuwa mbuzi anaonekana. Haifai kwa maneno manne tutakayoyachambua hapa: "fixed", "permanent", "constant" na "final". Yote huweza kufasiriwa kuwa "-siobadilika". Mwanafunzi akipewa fasiri hiyo moja tu, ataandika "a permanent price" na "my constant address", naye mwalimu hatakuwa na la kumweleza ila kwamba amekosa.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Mtoto huyo ataamini kwamba kila kilichoitwa "fixed" hakiwezi kubadilishwa na mtu yeyote. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba kila neno hujibu swali lake, na kwamba maswali hayo ndiyo yanayofaa kufundishwa.

Maana na maswali yake

(a) "Fixed": Nani amekiweka? Neno hili hutaja kitu kilichokazwa au kilichopangwa na watu. Wanafunzi wa Mpanda wanayo reli itokayo Kaliua, yapata kilomita 210, iliyofikishwa mjini kwao mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi. Pau zake za chuma zimekazwa juu ya mataruma. Basi ni "fixed". Lakini aliyekaza aweza kulegeza. Mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliwekwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998. Mkoa wenyewe wa Katavi ulitengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Mipaka hiyo ilikuwa "fixed" kabla ya mabadiliko, na ni "fixed" baada yake.

(b) "Permanent": Kinakusudiwa kudumu? Kinyume chake ni "temporary". Ramani huyapaka Ziwa Katavi na Ziwa Chada rangi ya buluu, ingawa maji yake huenea wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Hayo si maziwa ya kudumu. Hata hivyo, neno hili hutaja kusudio, wala si hesabu ya miaka. Watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, na baadaye wengine Mishamo. Ukimbizi huhesabiwa kuwa hali ya muda. Lakini wengi walikaa katika hali hiyo zaidi ya miaka 30, mpaka vyeti vya uraia wa Tanzania vilipoanza kugawiwa mwaka 2014. Kilichoitwa cha muda kilichukua nusu ya umri wa mtu, kisha kikakoma.

(c) "Constant": Kiasi chake ni kile kile kila kipimwapo? Wanafunzi wapime mzingo na kipenyo cha kifuniko cha chupa, cha sufuria na cha ndoo. Vipimo vitatofautiana, lakini mzingo ukigawanywa kwa kipenyo, jibu litakaribia 3.14 kila mara. Uwiano huo haukupangwa na mtu, wala hakuna mkutano uwezao kuubadilisha.

(d) "Final": Kuna kinachofuata? Magoli ya kipindi cha kwanza cha mpira si "final". Yahesabiwayo baada ya filimbi ya mwisho ndiyo "final".

Hatua za somo

Somo hili lafaa darasa la sita, kwa vipindi viwili vya dakika 40. Zana ni kipande cha ubao, msumari, nyundo, uzi, rula, vifuniko na ramani ya mkoa.

Hatua ya kwanza. Gongomea msumari ubaoni. Mwanafunzi ajaribu kuung'oa kwa vidole, na darasa liseme: "The nail is fixed." Kisha ung'oe kwa nyundo na kuuliza: "Is it fixed now?" Usitoe fasiri ya Kiswahili kabla ya tendo hilo.

Hatua ya pili. Tumia ramani kwa neno la pili, vipimo kwa la tatu, na mchezo wa mpira kwa la nne. Kila mara andika swali ubaoni kando ya neno.

Hatua ya tatu. Wanafunzi wajaze nafasi, na kila mmoja ataje swali lililomwongoza:

1. The shelf is ______ to the wall.
2. Lake Chada is not a ______ lake.
3. The driver kept a ______ speed.
4. The ______ score was two goals to one.

Majibu ni "fixed", "permanent", "constant" na "final".

Tahadhari

Mfano wa Katumba na Mishamo utolewe kama historia ya mkoa. Mwalimu asimsimamishe mtoto na kumwuliza wazazi wake walitoka wapi. Darasani hapana budi kila mtoto awe mwanafunzi tu.

Hitimisho

Mwanachuo asipime somo hili kwa idadi ya maneno yaliyokaririwa. Apime kwa jambo moja: je, mwanafunzi akiona bei, ada au tarehe iliyoandikwa "fixed", atanyamaza, au ataweza kuuliza kwa adabu ni nani aliyeipanga na ni nani awezaye kuipangua? Na akikutana na kile ambacho ni "constant" kwa kweli, je, atajua kwamba hapo hakuna wa kumwomba? Atakayetofautisha hayo mawili ameelewa somo, hata kama tahajia yake bado ina makosa.